SANAMU ZILIZO SHIMONI: SIKU MOJA MKUNAZINI, UNGUJA

Ukishuka bandarini Unguja na kuuliza njia ya Mkunazini, hutapotea. Kila utakayemuuliza atakwambia, "Pale kanisani, kwenye soko la watumwa." Maneno hayo mawili, kanisa na soko la watumwa, yamekaa pamoja kwa miaka mingi hata wenyeji hawayashangai tena. Sisi akina mama 14 wa chama chetu cha kanisani, tuliovuka kwa boti kutoka Dar es Salaam asubuhi na vikapu vyetu vya chapati na mayai ya kuchemsha, tuliyashangaa. Mmoja wetu aliuliza kwa sauti, "Sasa tunakwenda kusali au kulia?" Hakuna aliyemjibu.

Kanisa Kuu la Kristo la Waanglikana liko nyuma kidogo ya barabara ya Darajani, si mbali na soko kubwa la samaki, matunda na viungo. Ukipita lango, uwanjani kando ya kanisa, utaona shimo. Si refu sana. Ni la pembe nne, limejengewa kuta za mawe, na ndani yake wamesimama watu watano wa saruji. Shingoni wamefungwa pete za chuma, na mnyororo unapita kutoka kwa mmoja hadi kwa mwenzake. Mnyororo huo haukuchongwa. Ni chuma kweli, na waongozaji wa wageni husema ni wa wakati uleule wa biashara. Miili yao ni mizito, haikulainishwa wala kung'arishwa. Hakuna anayenyosha mkono kuomba msaada, na hakuna anayepiga kelele. Wamesimama tu, kama watu waliokwisha kungoja siku nyingi.

Sanamu hizo ni kazi ya Clara Sörnäs, mwanamke mchongaji kutoka Uswidi, na ziliwekwa hapo mwaka 1998.

Nimeona sanamu kadhaa katika miji yetu, lakini nyingi ziko juu. Mtu mkubwa husimamishwa juu ya kitako kirefu, nasi wapita njia tunamtazama kuanzia kwenye viatu vyake. Hapa mambo ni kinyume. Huwezi kuwaona hawa watano bila kuinamisha kichwa. Watoto wa shule waliokuwa pale siku ile walichuchumaa ukingoni, na walipochuchumaa kelele zao zilipungua zenyewe, bila mwalimu kusema neno. Aliyefikiria shimo lile alifikiri sana. Angewaweka watu hao juu ya nguzo, wangekuwa mashujaa wa vita fulani. Angewaweka usawa wa ardhi, tungepiga nao picha begani. Shimo linakueleza mara moja kwamba watu hawa walishushwa, na kwamba kuna mtu aliyewashusha.

Jambo la pili nililoliona baadaye, tulipokuwa tumeketi kivulini, ni kwamba huyo aliyewashusha hayupo. Hakuna sanamu ya mwenye kiboko, wala mnunuzi anayefungua vinywa kukagua meno. Baadhi yetu waliona ni upungufu. Mimi naona ni busara. Unguja ni kisiwa ambacho wajukuu wa waliouzwa na wajukuu wa waliouza wanapanga foleni moja ya mkate. Mwaka 1964 damu ilimwagika hapo, na kumbukumbu za utumwa zilikuwa miongoni mwa maneno yaliyotumika kuwasha moto. Sanamu ya muuzaji ingempa kila mpita njia uso mmoja wa kuuchukia, naye angeupata uso unaofanana na huo dukani kwa jirani yake.

Na ukweli wenyewe una mikono mingi. Mtoto akikuuliza, "Mama, nani aliwauza?" usimpe jibu la neno moja. Walikuwapo Waarabu na Waswahili wa pwani walioongoza misafara. Walikuwapo watemi na wakubwa wa bara waliouza mateka wao, na mara nyingine watu wao wenyewe. Walikuwapo matajiri wa Kihindi waliokopesha mtaji. Walikuwapo Wafaransa waliohitaji watu wa kulima miwa katika visiwa vya Bahari ya Hindi, na wanunuzi wa pembe za ndovu kutoka Ulaya na Marekani ambao hawakuuliza ni nani aliyezibeba mpaka pwani. Halafu kulikuwa na karafuu. Mashamba ya karafuu ya Unguja na Pemba yalilimwa na watumwa, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa, waliopitia Kilwa.

ALTARE MAHALI PA KIBOKO

Soko la Unguja lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia sahihi mkataba chini ya shinikizo la Waingereza. Mwaka huohuo, siku ya Krismasi, jiwe la msingi la kanisa liliwekwa mahali palepale. Ibada ya kwanza ilifanyika Krismasi ya mwaka 1877, kabla jengo halijamalizika. Msimamizi wa ujenzi alikuwa Askofu Edward Steere wa misheni ya UMCA, yule aliyetafsiri Agano Jipya kwa Kiswahili cha Unguja. Alifariki mwaka 1882 na amezikwa nyuma ya altare.

Altare hiyo, kwa mapokeo ya kanisa, imesimama mahali ulipokuwa mti wa kuchapia watumwa. Mbele yake sakafuni kuna duara la marumaru nyeupe lililozungukwa na nyekundu. Mwongozaji wetu, kijana mpole, alisema nyekundu ni ya damu, kisha akanyamaza. Nilimshukuru kwa kunyamaza. Kwenye nguzo mojawapo kuna msalaba uliotengenezwa kwa mti wa Chitambo, katika nchi ya Zambia ya leo, ambako moyo wa David Livingstone ulizikwa mwaka 1873. Karibu na mlango kuna nguzo zilizosimamishwa kichwa chini miguu juu; husimuliwa kwamba mafundi walizisimika hivyo wakati Askofu hayupo, naye aliporudi akaziacha. Akina mama walicheka sana hapo. Kila mwenye fundi nyumbani anajua jambo hilo.

Mtu anaweza kusema kanisa lote ni sanamu. Walioamua kujenga pale hawakusafisha mahali na kupasahau. Waliacha alama sakafuni ili anayekuja kupokea Meza ya Bwana akanyage ukingo wa historia. Kwa miaka zaidi ya 100 alama hiyo ilitosha. Hata hivyo ilikuwa ndani, na aliyeiona ni aliyeingia kusali au mgeni mwenye kitabu cha safari. Zile sanamu za 1998 zilitoa habari nje, uwanjani.

Wageni wengi hupelekwa pia kwenye vyumba vya chini, chini ya jengo la Mtakatifu Monika lililo upande wa pili wa uwanja. Dari ni fupi, unaingia umeinama, na mwanga unapita kwenye tundu nyembamba. Waongozaji husimulia kwamba wanawake na watoto walirundikwa humo kabla ya kuuzwa. Hapa niseme kitu. Jengo lililo juu yake lilijengwa na misheni baada ya soko kufungwa, na kwa sababu hiyo wapo wanahistoria wanaotilia shaka kwamba vyumba hivyo viliwahi kuwa vya watumwa. Tangu mwaka 2016 kuna maonyesho mazuri ya historia katika jengo hilohilo, yenye picha na maelezo ya Kiswahili, na mimi ningemshauri mama yeyote asome ubao kwanza kabla ya kushuka. Utumwa ulikuwa mbaya kiasi kwamba hauhitaji kuongezewa chumvi. Mtoto akija kugundua sehemu moja haikuwa hivyo, ataanza kutilia shaka na zile nyingine.

MAMA WA MASASI

Tulipotoka tena uwanjani, mama mmoja katika kundi letu, mzaliwa wa Masasi, alirudi peke yake kwenye shimo na kukaa ukingoni. Tulimwacha. Baadaye, wakati wa kula, alituambia jambo ambalo kwa miaka yote tuliyosali naye hatukulijua. Bibi wa bibi yake aliletwa Unguja akiwa mtoto, katika mnyororo. Nyumbani kwao habari hiyo haikusemwa mbele ya wageni. Binti akichumbiwa, wazee waliambiana waseme tu, "Sisi ni watu wa misheni." Neno mtumwa lilikuwa tusi, na mtoto wa mtumwa ni tusi mpaka leo mahali pengi pwani.

Historia inamuunga mkono. Mwaka 1876 Askofu Steere aliondoka Unguja na kundi la watumwa waliokombolewa, akiwarudisha kuelekea nchi zao za Nyasa. Walipofika Masasi walipapenda, wakabaki, na misheni ya Masasi ikaanzia hapo. Kwa hiyo wazee waliposema "watu wa misheni" hawakusema uongo. Walisema nusu.

Tulimwuliza dada yetu kama sanamu zile zimemuumiza. Akasema hapana. Akasema, "Nilidhani nitaona aibu. Lakini nimeona wametengenezwa sura, kila mmoja na yake. Mtu ambaye si kitu hatengenezewi sura." Halafu akaomba apewe chai.

Nimeyafikiri maneno hayo mara nyingi tangu siku hiyo, hasa ninapopita katikati ya mji wa Dar es Salaam penye Sanamu ya Askari. Wengi wetu tunapanda basi karibu nayo bila kuitazama. Mahali pale Wajerumani walisimamisha mwaka 1909 sanamu ya gavana wao Hermann von Wissmann, naye askari Mwafrika akawekwa chini yake, akimwangalia mkubwa wake juu. Waingereza walipouteka mji waliing'oa, wakaipeleka kwao, na baadaye ikafika Chuo Kikuu cha Hamburg, ambako wanafunzi waliiangusha mwaka 1968. Mwaka 1927 Waingereza wakaweka yule askari wa shaba tunayemwona, na bunduki yake yenye singe. Safari hii Mwafrika ndiye aliye juu, na hilo si dogo. Maandishi ya chini, kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, yanawataja pia wapagazi waliobeba mizigo ya vita vya 1914 hadi 1918. Lakini sanamu ya mpagazi haipo. Nairobi wanazo sanamu tatu kwa pamoja na mmoja wao ni mpagazi. Sisi tunaye askari peke yake.

Wapagazi wetu wamebaki na ukumbusho mmoja mkubwa usio na shaba: jina la Kariakoo, lililotokana na jina la Kiingereza la kikosi chao. Kila mama anayekwenda kununua nguo za sikukuu anawataja bila kujua. Na wake zao je? Wanaume walichukuliwa, ng'ombe wakachukuliwa, nafaka ikachukuliwa, na Ugogo kukatokea njaa ambayo Wagogo waliiita Mtunya, kati ya 1917 na 1920. Sijaona sanamu ya mwanamke aliyebaki na jembe na ghala tupu. Labda iko mahali, mimi sijaiona.

Ndugu zetu wa Kenya wamejaribu jambo hilo vizuri. Mwaka 2007 walimsimamisha Dedan Kimathi katikati ya Nairobi na bunduki yake, miaka 50 tangu anyongwe. Ni sanamu nzuri, ya shujaa kama mashujaa. Lakini mwaka 2015, katika bustani ya Uhuru Park, ulizinduliwa ukumbusho wa walioteswa wakati wa Mau Mau, na humo yumo mwanamke. Anampa mpiganaji chakula. Wamegeuziana migongo, wasitazamane, kwa sababu asiyeuona uso wa mwenzake hawezi kumtaja hata akipigwa. Aliyebuni hayo alisikiliza hadithi za akina mama waliopeleka chakula msituni. Nadhani hapo ndipo kazi ya sanamu inapoanzia, katika kuwauliza waliokuwapo jambo lilikuwaje, kabla ya kununua saruji.

"SI SANAMU HIZO ZILIZOKATAZWA?"

Katika boti ya kurudi tulikuwa na mjadala. Mzee wa kanisa mmoja, mama mwenye wajukuu wengi na mwenye kuijua Biblia, alisema hakupendezwa. Alitukumbusha amri ya pili katika Kutoka 20. Pia alisema Unguja ni mji wa Waislamu wengi, nao hawapendi maumbo ya watu, basi tusiwakwaze. Hoja hiyo ya pili ina uzito, na pengine ndiyo sababu moja ya sanamu hizo kuwa ndani ya ua wa kanisa, pasipo njia panda.

Kwa hoja ya kwanza, mwingine alifungua Yoshua sura ya 4, pale Waisraeli wanapookota mawe 12 katikati ya Yordani na kuyasimamisha Gilgali, ili watoto wao watakapouliza maana yake, wazazi wawe na la kusimulia. Mawe yale hayakuwa na sura, akajibu mzee wetu, na kweli hayakuwa nayo. Tulikwama hapo kwa muda. Kwa maoni yangu, hakuna anayepiga magoti mbele ya lile shimo kuomba mvua. Lakini sikumshawishi, na sikusudii kumshawishi hapa. Alichokubali ni jambo la watoto kuuliza. Alisema mjukuu wake hajawahi kumwuliza habari za historia yoyote, anauliza habari za simu tu, na kama jiwe litamfanya aulize, basi na liwe jiwe.

Tulikubaliana jambo moja dogo. Kanisa letu linatimiza miaka mingi, na kamati ilikuwa imependekeza mnara wa vigae wenye majina ya wachungaji wote. Tukaazimia kuiomba kamati ingoje kwanza, ili tukusanye majina ya akina mama waliobeba maji na kokoto wakati wa ujenzi. Tatizo ni kwamba wengi tunawajua kwa majina ya watoto wao: Mama Fulani, Mama Fulani. Kazi ya kuyatafuta majina yao wenyewe bado inaendelea, na haijawa rahisi.

UKITAKA KWENDA

Usiishie Mkunazini. Ukiwa na saa mbili zaidi, panda daladala uelekee kusini, upande wa uwanja wa ndege, ufike Mbweni. Misheni ilinunua ardhi hapo mwaka 1871 kwa ajili ya watu waliokombolewa kutoka kwenye majahazi, ikajenga shule ya wasichana. Tangu mwaka 1877 mwalimu mkuu wake alikuwa Caroline Thackeray, Mwingereza. Wasichana waliotolewa katika minyororo walijifunza hapo kusoma, kuandika na kushona, na baadhi wakawa walimu. Wavulana walisoma Kiungani. Mmoja wao, Cecil Majaliwa, aliyechukuliwa mtoto kutoka nchi ya Wayao, aliwekwa kuwa kasisi mwaka 1890. Shule ya Mbweni sasa ni magofu, matao mazuri yaliyoota mimea. Kanisa la Mtakatifu Yohana bado linasaliwa. Sanamu ya wale wasichana haipo, na mbele ya matao yale mtu hujikuta akiitengeneza kichwani mwake. Mimi niliona msichana ameketi, ameshika sindano, na hana kitu shingoni.

Mkunazini mgeni hulipa kiingilio na hupewa mwongozaji. Jumatatu hadi jumamosi ni bora, maana Jumapili asubuhi kuna ibada. Vaa kwa heshima na uchukue khanga ya ziada. Watoto wa darasa la nne kwenda juu wataelewa. Walio chini ya hapo waachie nje wakimbie, uwanja una kivuli. Vyumba vya chini vina joto na hewa nzito, mwenye pumu asishuke. Jengo la Mtakatifu Monika lina vyumba vya kulala wageni, kwa hiyo wanaotoka mbali wanaweza kulala hapohapo na kuhudhuria sala asubuhi.